Barua ya wazi kwa wakuu wa ujumbe: vijana tumechoka kupigwa picha nje ya mlango

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya mazingira na Wakuu wa Ujumbe wa nchi wanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi

Nakala: Sekretarieti ya Mkataba, Bonn

Waheshimiwa,

YAH: VIJANA KUALIKWA UKUMBINI NA KUFUNGIWA CHUMBA CHA RASIMU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu faragha imeshindwa. Vijana tunaofuatilia mazungumzo ya tabianchi tumewaandikia barua, tumewangoja kwenye korido baada ya vikao, na tumewakabidhi mapendekezo yetu mkononi. Majibu yenu huwa ya adabu sana. Mnatushukuru kwa ari na ubunifu wetu, mnatutaka tuendelee na moyo huohuo, kisha rasimu inayofuata inatoka vilevile ilivyokuwa. Barua ya faragha ni rahisi kuitia kwenye droo. Hii mtaisoma pamoja na wengine.

Sikusudii kuwavunjia heshima. Wengi wenu mnakesha kwenye vikao hivyo hadi macho yanawaiva, na nimewaona wajumbe wa nchi ndogo, watu wawili au watatu tu, wakihaha kutoka chumba hadi chumba kwa kuwa mashauriano matano yanaendelea kwa wakati mmoja. Kazi yenu ni ngumu, nalijua hilo. Ndiyo maana nitasema malalamiko yetu moja moja, mjue hasa tunachokilalamikia.

1. Tunapewa kipaza sauti mambo yakiwa yamekwisha.

Anayeketi kwenye kikao cha wote kwa mara ya kwanza hushangazwa na utaratibu wake. Nchi huzungumza kwanza, kwa makundi yao, kisha moja moja. Makundi ya waangalizi, vijana tukiwemo, huja mwisho, dakika mbili kila kundi, muda ukiruhusu. Mara nyingi hauruhusu. Mwenyekiti hutazama saa, huomba radhi, na kusema kauli zilizobaki ziwekwe kwenye tovuti. Kijana aliyekesha akipunguza maneno ili yaenee dakika mbili, akabishana na wenzake wa mabara mengine kuhusu kila sentensi, anakunja karatasi yake na kutoka. Na hata siku muda unapopatikana, viti vya mbele huwa vimebaki na vibao vya majina ya nchi tu. Wenye viti wameshakwenda kwenye mashauriano yasiyo rasmi, na huko ndiko mambo yanakopikwa.

Huko aya huonyeshwa kwenye skrini na kila kisichokubaliwa hutiwa kwenye mabano. Mjumbe mmoja anaweza kunyoosha mkono, akaomba neno "ruzuku", yaani fedha isiyorudishwa, litiwe mabano, na kufikia alfajiri neno hilo limetoweka pasipo yeyote nje ya chumba kujua ni nani aliyeliondoa. Nchi ikipinga kuwapo kwa waangalizi, mlango hufungwa. Vijana tumetambuliwa rasmi kama kundi la waangalizi, kwa jina la YOUNGO, tangu mwaka 2011. Huo ni utambulisho wa kutuwezesha kutazama, na huishia mlangoni.

Mwaka 2021, kwenye mkutano wa kila mwaka wa Mkataba kule Glasgow, mliandika wenyewe kwamba mnazihimiza nchi zihakikishe vijana wanashiriki na kuwakilishwa ipasavyo katika maamuzi ya kimataifa, ya kitaifa na ya mitaani. Sisi tunadai hilohilo mliloliandika. Hamkuliwekea tarehe wala fungu la fedha, na hakuna anayeulizwa asipolitimiza.

2. Tunatumiwa kama pambo.

Hili sitalirefusha, kwa kuwa nyote mnalijua. Kila mkutano una siku yake ya vijana, na siku hiyo mawaziri huja na wapiga picha wao, hukaa dakika chache, hupigwa picha wakiwa wamezungukwa na nyuso changa, na kuondoka kabla ya maswali. Hata kwenye picha hizo hatuko sawa. Januari 2020, kwenye mkutano wa uchumi wa dunia huko Davos, Uswisi, Vanessa Nakate wa Uganda alipiga picha na wanaharakati wenzake wanne kutoka Ulaya. Shirika kubwa la habari liliikata picha, wakabaki wale wanne, yeye akaondolewa. Shirika liliomba radhi baadaye. Kilichofanyika siku ile kwa mkasi wa kompyuta hufanyika kila mwaka kwa njia ya viza, nauli na bei za hoteli: vijana kutoka nchi zinazoumia zaidi ndio wanaokosekana ukumbini.

3. Beji zina wenyewe, na wenyewe si sisi.

Mnatuambia nafasi ni chache. Lakini mwaka 2023 kule Dubai, muungano wa asasi unaofuatilia jambo hili ulihesabu watu zaidi ya 2,400 wenye uhusiano na maslahi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe waliopata vibali vya kuingia. Walikuwa wengi kuliko wajumbe wote wa nchi kumi zilizo hatarini zaidi wakijumlishwa pamoja. Baadhi yao waliingia kwa beji za nchi, maana yake walipewa na nyinyi, Waheshimiwa. Anayeuza mafuta anaingia chumba cha rasimu kama mjumbe wa taifa; binti ambaye shule yao imechukuliwa na mafuriko anaingia kama mwangalizi, tena akibahatika. Mkituambia hakuna nafasi, semeni basi nafasi zilizokuwapo mlimpa nani.

Matokeo yake yanaonekana kwenye karatasi. Ilichukua karibu miaka 30 ya mikutano hii, hadi Dubai, ndipo uamuzi wenu ukataja kuachana na nishati za visukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe. Na miaka miwili baadaye huko Belém, ingawa zaidi ya nchi 80 zilitaka iwekwe ramani ya kufikia hapo, hati kuu ilitoka bila hata kuzitaja nishati hizo kwa jina.

4. Mnakopa kwa jina letu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mambo mengine yote ni adabu na utaratibu, ila hili ni deni.

Mwaka 2009 huko Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, kuzisaidia nchi zinazoendelea kupunguza gesi joto na kuhimili athari. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalojumuisha zaidi nchi tajiri, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya tarehe. Tuseme yamepita. Tazameni sasa fedha yenyewe ni ya aina gani: kati ya fedha za umma zilizohesabiwa mwaka huo, takribani asilimia 69 zilikuwa mikopo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Copenhagen sasa ni kijana wa sekondari. Hakuchafua hewa, hakupiga kura, hakusaini chochote. Mikopo ya aina hii hulipwa kwa miaka 20, 30, hata 40. Waliosaini watakuwa wamestaafu na wajukuu zao wamekua. Yeye atakuwa kazini, kodi yake ikilipa ukuta wa kuzuia bahari ambayo wengine ndio walioipandisha.

Mfano wa karibu ni Pakistan. Mafuriko ya mwaka 2022 yaliwakumba watu milioni 33 na kuua zaidi ya 1,700, katika nchi inayotoa chini ya asilimia 1 ya gesi joto ya dunia. Hasara na uharibifu vilikadiriwa kuzidi dola bilioni 30. Januari 2023 wafadhili walikutana Geneva na kuahidi zaidi ya dola bilioni 9, na sehemu kubwa mno ya ahadi hizo ilikuwa mikopo ya miradi. Kwa lugha ya nyumbani: jirani amekuchomea nyumba, kisha amekuja kukukopesha fedha za kuezeka, na riba juu.

Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na tabianchi, mliukubali Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuuzindua Dubai mwaka uliofuata, makofi yakapigwa. Hadi mwaka 2025 ahadi zote zilizotolewa hazikufika hata dola bilioni moja. Baku, mwaka 2024, mlikubaliana dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zimeomba trilioni 1.3. Na bado hakuna sharti linalosema ni kiasi gani kati ya bilioni hizo 300 kitakuwa ruzuku. Kuhusu watoto na vijana hasa, uchunguzi uliofanywa na mashirika ya watoto mwaka 2023 ulikuta kuwa ni asilimia 2.4 tu ya fedha za mifuko mikubwa ya kimataifa ya tabianchi zilizokwenda kwenye miradi inayowazingatia watoto. Mnawataja kwenye kila hotuba, lakini kwenye hesabu hawaonekani.

5. Wanaosema hayo barabarani wanakamatwa.

Baadhi yenu mnawapigia makofi vijana ukumbini huku serikali zenu zikiwafungulia mashtaka wakirudi nyumbani. Februari 2021 Disha Ravi, akiwa na miaka 22, alikamatwa Bengaluru, India, kwa sababu ya hati ya mtandaoni iliyounga mkono maandamano ya wakulima. Hakimu aliyempa dhamana alisema ushahidi ulikuwa haba. Si India peke yake. Katika nchi tajiri zinazojisifu kwa uhuru, sheria za maandamano zimekazwa, na watu wamefungwa miaka kwa kupanga kufunga barabara. Ushiriki wa vijana hauwezi kuwa wa kuchagua: anayesifu atengewe jukwaa, anayelaumu atengewe mahabusu.

Najua mtakayoyasema, kwa sababu mmeshayasema.

Mtasema vijana hatuna utaalamu, kwamba lugha ya mikataba inahitaji watu wazima waliobobea. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini waliokuwa wakisoma Vanuatu walikuja na wazo lililoonekana la kitoto: Mahakama ya Kimataifa ya Haki iulizwe nchi zina wajibu gani kisheria kuhusu tabianchi, na zikiuvunja matokeo yake ni nini. Waliwaandikia viongozi wa visiwa vyao. Serikali ya Vanuatu ikalibeba. Wakatafuta nchi moja baada ya nyingine hadi 132 zikajiunga kulidhamini azimio, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha bila kupigiwa kura, maana hakuna aliyeliomba lipigiwe. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wa Mahakama hiyo, huko The Hague, walitoa maoni yao kwa kauli moja. Walisema nchi zina wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa tabianchi. Kwamba kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 ndilo lengo kuu la joto la Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015. Kwamba mipango ya kitaifa ya kupunguza gesi joto haiwezi kuwa ya kujiandikia tu nchi itakavyo. Na kwamba kutochukua hatua dhidi ya uzalishaji wa nishati za visukuku, utoaji wa leseni zake na ruzuku zake kunaweza kuwa kosa la kimataifa linalodai fidia.

Waheshimiwa, mmekuwa mkilizunguka swali hilo tangu mkutano wa dunia wa mazingira huko Rio mwaka 1992. Lililetwa mahakamani na wanafunzi.

Wala hao si peke yao. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliwakubalia vijana kwamba sheria ya tabianchi ilikuwa inawasukumia wao mzigo wa baada ya 2030, na serikali ikalazimika kuisogeza tarehe ya kufuta uzalishaji wake wa gesi joto kutoka 2050 hadi 2045. Montana, Marekani, vijana 16 waliishinda serikali ya jimbo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikauthibitisha ushindi huo Desemba 2024. Tumeshindwa pia: kesi ya vijana sita wa Ureno dhidi ya nchi 33 ilitupwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu Aprili 2024, kwa sababu za utaratibu. Tumejifunza utaratibu. Mtu anayeweza kuandaa hoja za mahakama anaweza kusoma aya ya rasimu.

Mtasema vijana ni viongozi wa kesho. Hii ndiyo danganya toto kongwe kuliko zote. Severn Cullis-Suzuki alisimama mbele ya wajumbe wa Rio mwaka 1992 akiwa na miaka 12, akawaambia anapigania maisha yake ya baadaye. Wajumbe walifuta machozi. Leo yeye ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 40. Kesho yake ilifika na kupita, na Januari 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba joto la dunia kwa mwaka 2024 lilikuwa takribani nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda.

Mtasema tayari tuna wawakilishi, na tangu Dubai kuna hata Bingwa wa Vijana wa kila mkutano. Ni kweli, na wanajitahidi. Lakini bingwa huyo huteuliwa na urais wa mkutano, hubadilika kila mwaka, na hana neno kwenye rasimu. Anayeteuliwa na mwenyeji atamlaumu mwenyeji kwa kiasi gani?

Nanyi mlio wakuu wa ujumbe wa nchi zinazoendelea mna kisingizio chenu, nacho ni kitamu zaidi: sisi hatukuchafua, kawaulizeni wenye viwanda. Kuhusu historia mna haki kabisa, na mkidai fidia tutasimama nanyi mstari wa mbele. Lakini huwezi kudai haki ya tabianchi Jumatatu ukumbini, Ijumaa ukasaini kitalu kipya cha mafuta, na kijana wa nchi yako akiuliza ukamwita kibaraka wa mabeberu. Haki mnayoidai kwa matajiri ndiyo hiyohiyo tunayoidai kwenu.

Kuhusu gharama na uchache wa wajumbe: nimeshawataja wale wawili watatu wanaohaha koridoni. Nchi zenu zina vijana waliosomea sheria, fedha, hali ya hewa na tafsiri, na wengi hawana kazi. Kumpa mmoja wao faili la kuhimili athari na mwingine faili la hasara na uharibifu kungewasaidia nyinyi kabla ya kutusaidia sisi.

Basi tunaomba yafuatayo, na tunaomba mtaje tarehe:

(a) Kila nchi iweke kwenye ujumbe wake angalau vijana wawili walio chini ya miaka 30, wenye beji ya nchi, faili la kufuatilia, na ruhusa ya kuingia mashauriano yaliyofungwa. Waanze kwenye kikao cha Juni huko Bonn, kwa sababu anayeletwa mwisho wa mwaka bila kupitia Bonn hukuta hoja zimeshakomaa.

(b) Mwenye maslahi katika kampuni za mafuta, gesi au makaa ya mawe asipewe beji ya nchi. Akitaka kuja, aje kama mwangalizi, angojee dakika zake mbili mwishoni kama sisi.

(c) Fedha za kuhimili athari na za hasara na uharibifu ziwe ruzuku. Na kila serikali inayopokea ichapishe, kwa lugha ambayo wananchi wake wanaisoma, ni kiasi gani kimeingia, ni mkopo au ruzuku, utalipwa hadi mwaka gani, na umetumika wapi. Dai hili la mwisho ni kwa wapokeaji kama lilivyo kwa watoaji.

(d) Kila mpango wa kitaifa unaopelekwa chini ya Makubaliano ya Paris uambatane na maelezo ya mapendekezo ya vijana: yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na sababu. Tukikataliwa kwa hoja tutajibu kwa hoja. Kunyamaziwa ndiko tusikokubali.

(e) Mashtaka dhidi ya vijana walioandamana kwa amani yafutwe, na nchi mwenyeji wa mkutano itoe hakikisho la maandishi, kabla ya kupewa uenyeji, kwamba atakayeandamana hatafuatwa hotelini wala atakaporudi kwao.

Majibu tunayaomba kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha Bonn, dai kwa dai, kwa jina la nchi. Tutayaweka yote hadharani kama yalivyo, pamoja na orodha ya nchi ambazo hazikujibu. Barua ya kutujulisha tu kwamba "ujumbe wenu umepokelewa na unafanyiwa kazi" tutaiweka kwenye orodha hiyo ya pili.

Natanguliza shukrani.

Ndimi,
Mjumbe kijana, mwangalizi katika mazungumzo ya tabianchi